Riwaya inayoendeshwa na mhusika: kutoka mtu mmoja hadi mswada kamili

Mswada wa kwanza kwa kawaida haufii mwanzoni. Unafia kwenye maneno 15,000 au 20,000, pale ambapo mwandishi ameshatumia matukio yote aliyokuwa nayo kichwani na sasa anatafuta ajali ya gari, ugonjwa au mirathi ya ghafla ili hadithi iendelee. Tatizo hapo ni kwamba alianza na tukio kabla hajapata mtu, hata kama mwenyewe anadhani amekosa kipaji. Tukio likishatokea limekwisha. Mtu mwenye jambo analolitaka na udhaifu asiotaka uonekane hukupa tukio jingine kila ukimbana.

Mwongozo huu unafuata mhusika mmoja wa kubuni kutoka mwanzo hadi mwisho, ili kila hatua uione ikifanya kazi. Anaitwa Mwanaidi, ana miaka 43, ni fundi cherehani Ngamiani, Tanga, na ni mweka hazina wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha, cha akina mama 25. Chukua wa kwako umweke kando yake.

Anza na mtu aliyebanwa, wasifu utafuata

Vitabu vingi vya mafunzo vinamwambia mwandishi ajaze fomu ndefu: rangi anayoipenda mhusika, chakula chake, shule aliyosoma. Fomu hizo hazidhuru, ila hazijengi riwaya. Unahitaji majibu ya maswali matano tu, kila moja kwa sentensi moja au mbili.

1. Anataka nini? Kiwe kitu kinachoonekana na chenye tarehe. "Anataka heshima" hakitoshi. Mwanaidi anataka kufikisha kikoba mwisho wa mwaka, siku ya kugawana, bila shilingi kupungua.
2. Kwa nini yeye, na si mtu mwingine, anakitaka hivyo? Baba yake alikuwa mtunza fedha za mchango wa paa la msikiti. Fedha zilipungua, hakujieleza, akafa na jina la mwizi.
3. Anaamini nini ambacho si kweli? Kwamba daftari likiwa safi, hakuna mtu awezaye kukugusa.
4. Udhaifu wake uko wapi? Hawezi kumnyima mdogo wake Shabani, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.
5. Atapoteza nini akishindwa? Jina, na kwa mtaa kama ule jina ndilo linaloleta wateja wa cherehani.

Tazama namba 3 na 4. Hapo ndipo moto ulipo. Mtu mkali wa hesabu ambaye ana mtu mmoja asiyeweza kumhesabia ana sura mbili zinazogombana ndani yake kabla hujaleta adui yeyote kutoka nje. Wahakiki huita wahusika wa namna hii duara, kinyume cha wahusika bapa. Kipimo chake ni rahisi: ukiweza kumweleza mhusika wako kwa sifa tatu zinazokubaliana (mwaminifu, mpole, mchapakazi), bado hujampata.

Kisha ichunguze kazi yake. Wengi huiruka hatua hii kwa kuona ni mapambo, kumbe mara nyingi ndiyo inayokupa msuko. Katika vikoba vingi sanduku lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa wanachama watatu tofauti, na anayetunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Mwandishi asiyejua hili atamfanya Mwanaidi afungue sanduku usiku akipapasa gizani, na msomaji yeyote aliyewahi kununua hisa za kikoba atakiweka kitabu chini. Mwandishi anayejua atatafuta upenyo wa kweli: wanachama waliosafiri hutuma fedha zao kwa simu kwa mweka hazina, naye huzitoa na kuziingiza sandukuni siku ya mkutano. Kati ya Jumanne na Jumamosi fedha hizo zipo mikononi mwake peke yake. Siku nne. Riwaya nzima inaweza kuchipuka humo.

Majina

Fasihi yetu ina mbinu ya majazi, ya kumpa mhusika jina linalobeba tabia yake. Shaaban Robert aliitumia waziwazi: katika *Kusadikika* (1951) anayeshtakiwa ni Karama na anayemshtaki ni Majivuno. Kwa hadithi ya mafumbo inafaa sana. Kwa riwaya inayomchimba mtu mmoja ndani, jina la Majivuno humfungia mhusika mlango kabla hajasema neno, kwa kuwa msomaji ameshamhukumu. Chagua majina ya mahali na rika lake. Epuka pia majina mawili yanayoanza kwa silabi moja: Mwanaidi, Mwanahamisi na Mwanaisha katika sura moja watamchosha msomaji hata kama mtaani wapo wote.

Wengine wanamtaka nini?

Wahusika wa pili wasizidi watano katika rasimu ya kwanza. Kila mmoja mwandikie sentensi moja: anataka nini kutoka kwa mhusika mkuu. Shabani, dereva wa bodaboda ya mkataba, anataka shilingi 120,000 kabla mwenye pikipiki hajaichukua. Amechelewesha siku 12, kila siku 10,000. Hawa, shoga yake wa siku nyingi, anataka kuaminiwa kama anavyomwamini. Mwenyekiti anataka kikoba kisichoonekana kina dosari kwa sababu anagombea ujumbe wa serikali ya mtaa. Mhusika asiyemtaka chochote mhusika mkuu mpe mstari mmoja wa mazungumzo apite zake.

Msuko ni mnyororo wa maamuzi

Hapa usiwe na haraka. Chukua karatasi, andika maamuzi saba hadi tisa ya mhusika mkuu, moja chini ya jingine. Matukio yaache, orodhesha maamuzi tu. Kati ya kila moja na linalofuata weka "kwa hiyo" au "lakini". Ukilazimika kuweka "halafu", mnyororo umekatika hapo.

Kwa Mwanaidi: Shabani anaomba, anamnyima. *Lakini* Jumanne Hawa, aliyekwenda Pangani, anatuma marejesho ya mkopo wake, 150,000. Mwanaidi anamtumia Shabani 120,000, akiwa ameshapiga hesabu: ana magauni sita ya sare za harusi, ufundi 20,000 kila moja, yatalipwa Ijumaa. *Lakini* upande wa bwana harusi unafiwa, harusi inaahirishwa, mteja hachukui nguo. *Kwa hiyo* Jumamosi anatakiwa aseme au anyamaze. Ananyamaza, na kwa mkono wake anaandika kwenye safu ya Hawa: hajaleta.

Angalia uamuzi wa mwisho. Mwanamke ambaye maisha yake yote ni daftari amelighushi daftari. Hakuna bomu wala panga, lakini msomaji aliyekaa naye kurasa 60 atalisikia tumboni. Na angalia asili yake: mtu mwingine angemwita mwenyekiti pembeni, akaeleza, akapigwa faini, yakaisha. Mwanaidi hawezi, kwa sababu baba yake naye alinyamaza, na yeye tangu siku ile anaamini kuwa kukiri ndiko kunakomfanya mtu mwizi. Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote katika aina hii ya uandishi: mtoe mhusika wako, mkalishe mtu mwingine kwenye kiti chake. Kama mambo yangekwenda vilevile, riwaya inaendeshwa na matukio, na mhusika ni abiria.

*Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi (1971) inafaa kusomwa kwa jicho hili. Zakaria anampiga binti yake kupita kiasi kwa ajili ya barua ya mvulana, na kipigo hicho hakiishii ukurasa ule. Kinakuwa woga, na woga ukipata uhuru wa mbali na nyumbani unageuka kitu kingine kabisa. Fuatilia mnyororo huo kwa penseli pembeni, utaona hatua zake.

Kuhusu bahati na ajali: zinaruhusiwa kumtia mhusika matatani, haziruhusiwi kumtoa. Msiba ulioahirisha harusi msomaji ataukubali. Mjomba kutoka Muscat anayetuma fedha Ijumaa usiku hatamkubali.

Nani anasimulia

Nafsi ya kwanza inakupa sauti upesi, lakini inakunyima kitu kimoja: mhusika anayejidanganya hawezi kukuambia kwamba anajidanganya. Ukiichagua, utalazimika kumwacha msomaji aone uongo kupitia anachokiruka. Msimulizi maizi, anayejua ya kila moyo, ni wa zamani katika fasihi yetu na ana utamu wake, ila mikononi mwa mgeni huwa mhubiri. Kwa riwaya ya kwanza tunapendekeza nafsi ya tatu iliyofungwa kwa mtu mmoja: unasema "Mwanaidi", lakini huoni wala hujui asichokiona yeye. Ukihitaji macho ya pili, badilisha mwanzoni mwa sura, usibadilishe katikati ya aya.

Faida yake kubwa ni kwamba mawazo yanaweza kuingia kwenye usimulizi bila "alijiuliza moyoni" wala "aliwaza kwamba". Linganisha:

"Mwanaidi aliwaza moyoni mwake kwamba bado alikuwa na muda wa kutosha kurudisha fedha zile."

"Mwanaidi aliizima simu. Jumamosi ilikuwa bado siku nne. Siku nne ni nyingi. Siku nne mtu anashona magauni sita na usingizi analala."

Ya pili haijasema popote kuwa anajidanganya, ila msomaji anajua.

Kiswahili chenyewe kama kifaa

Miongozo mingi imeandikwa kwa lugha nyingine, na haina la kukuambia juu ya haya.

Kwanza, viambishi vya njeo, yaani vya nyakati za vitenzi. *Hu-* ni wa mazoea: "Mwanaidi huamka saa kumi na moja, hufagia uwanja, huchemsha chai." Aya moja ya *hu-* inatosha kuonyesha desturi. Waandishi wapya hukaa ndani yake kurasa tano, na kwa kuwa *hu-* haina siku maalumu, hakuna linalotokea. Vunja upesi kwa "Jumanne ile". *-Ka-* inasukuma: "akaifungua, akasoma, akaizima." Nzuri kwa tendo la haraka, inachosha ikizidi vitenzi vinne au vitano mfululizo. *-Ki-* inapunguza mwendo na kumweka msomaji ndani ya tendo: "Simu ilikuwa ikilia juu ya cherehani, naye akiitazama." Pale mhusika anapoamua, tumia *-ki-* kabla ya uamuzi na *-ka-* baada yake, uone ukurasa unavyopumua.

Pili, *a-* haina jinsia. "Alipomwambia kwamba ameichukua, alinyamaza." Nani kamwambia nani, na nani kanyamaza? Katika onyesho la watu wawili kosa hili hujitokeza kila ukurasa. Tiba si kurudia majina mpaka yakere. Tumia uhusiano: "dada mtu alinyamaza", "mdogo mtu akainama". Tumia cheo au hali: "fundi", "mwenye deni". Tumia huyu na yule. Au mpe mmoja kitu mkononi: aliyeshika mkasi akishautua, tunajua ni nani.

Tatu, majina ya kuitana. Uhusiano ukibadilika, usilieleze hilo. Badilisha namna wanavyoitana. Hawa amekuwa akimwita "shoga" kurasa mia. Siku anapokuja na simu yenye ujumbe wa muamala, anasema, "Mweka hazina, naomba daftari." Huna haja ya kuandika kwamba alikasirika.

Nne, salamu. Usiziandike zote. Onyesho linaloanza kwa "Hodi", "Karibu", "Shikamoo", "Marahaba", "Habari za nyumbani" limepoteza mistari mitano. Ziweke tu kama kuna kitu kimepinda ndani yake:

"Shikamoo, da Mwanaidi."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Uongo. Kaa."

Hakuna aliyetaja fedha, na wote wawili wanajua zimeingia chumbani.

Tano, methali. Mpe mtu mmoja tu mazoea ya kusema kwa methali, na ziwe na sababu: pengine mwenyekiti huzitumia ili asijibu swali. Wahusika wote wakisema kwa methali, wote ni wewe. Lahaja na Sheng vivyo hivyo: maneno mawili matatu ya kudumu kwa mhusika yanatosha kumpa rafudhi. Ukiandika kila neno kama linavyotamkwa, msomaji ataanza kusoma matamshi, aache kumsikiliza mtu.

Kujenga onyesho

Onyesho moja liwe na maneno 1,200 hadi 2,000. Kabla ya kuliandika, jaza mstari mmoja: anataka nini sasa hivi, nani au nini kinamzuia, anaamua nini, inamgharimu nini. Ingia umechelewa, toka mapema. Shabani awe ameshakaa, na onyesho liishe kabla hajaaga.

Sifa usizitaje, zitendeshe. "Mwanaidi alikuwa mwanamke mwaminifu sana" ni maelezo ya barua ya utambulisho. "Mwanaidi alihesabu noti mara ya tatu. Mara ya kwanza na ya pili zilikuwa zimetimia, ya tatu ilikuwa ya marehemu baba yake" inakupa uaminifu, hofu na historia katika pumzi moja.

Historia hiyo, ya baba na paa la msikiti, ndiyo itakayokushawishi uimwage sura ya kwanza. Izuie. Katika kurasa 30 za mwanzo toa vipande tu, sentensi moja moja kama hiyo ya noti. Mbinu rejeshi kamili, yaani onyesho zima la zamani, itumie mara moja au mbili, tena baada ya msomaji kuanza kuuliza mwenyewe. Mahali pake katika mfano wetu ni mara tu baada ya "hajaleta", wakati msomaji amekereka na anataka kujua mwanamke huyu ana nini. Kurasa nne zinatosha.

Ratiba

Maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 24: rasimu ya 60,000, takriban maonyesho 40 ya maneno 1,500. Usitishwe na idadi kubwa zinazotajwa kwa riwaya za Kiingereza. "Nisingelimwambia" ni neno moja kwetu, kwao ni sentensi. Andika pembeni umri, bei, siku na madeni ya kila mtu, maana ukurasa wa 140 hutakumbuka Shabani alidaiwa siku ngapi. Nakala ya mswada itume kwenye baruapepe yako kila Ijumaa.

Yanayoharibika katikati

Hadithi ikisimama, rudi kwenye orodha ya maamuzi. Mara nyingi utakuta maonyesho matatu mfululizo ambamo mhusika mkuu anatendewa, anaambiwa, analia. Ugonjwa huu unawapata zaidi wahusika wanaopendwa na mwandishi wao: anawaonea huruma, anawafanya waathirika wa kila mtu. Dawa ni kumpa Mwanaidi kosa la pili, la makusudi zaidi ya la kwanza. Mwache asimame kwenye mkutano apendekeze Hawa apigwe faini.

Ugonjwa mwingine ni adui wa karatasi. Hawa akiwa mchonganishi na mwenyekiti akiwa fisadi, kosa la Mwanaidi linakuwa jepesi. Mpe Hawa haki yote. Riwaya itakuwa ngumu kuandika na nzuri kusoma.

Ugonjwa wa tatu ni mwisho wenye mafunzo. Desturi ya kufunga hadithi kwa onyo tunayo tangu ngano za bibi, na mtihani wa shule umeiongezea nguvu kwa kuuliza dhamira. Mwisho wa riwaya ya mhusika ni uamuzi mmoja ambao sura ya kwanza asingeweza kuufanya. Mwanaidi anasimama mbele ya wanachama 25, anafungua daftari, analisoma kwa sauti hadi safu ile. Kama wanamsamehe au hawamsamehi, hilo unaweza kuliacha mlangoni.

Kusahihisha

Uache mswada wiki tatu au nne bila kuugusa. Kisha pitia mara nne, kila mara ukitafuta kitu kimoja.

Mara ya kwanza, andika kila onyesho kwa mstari mmoja wa uamuzi. Onyesho lisilo na uamuzi liunganishe na jirani yake au likate. Usishangae likikatwa onyesho moja kati ya matano. Mara ya pili, soma maonyesho ya Hawa peke yake, mfululizo, kana kwamba riwaya ni yake, kisha ya Shabani. Mapengo yao yataonekana. Mara ya tatu, tafuta kwa kompyuta maneno "alihisi", "ghafla", "moyoni", "alikuwa ni" na "kwa kweli", na kila ukilipata jiulize kama sentensi inasimama bila hilo. Mara ya nne, soma kwa sauti mazungumzo yote. Ukikwama ulimi, mhusika naye angekwama.

Baada ya hapo wape watu watatu, angalau mmoja awe anaifahamu kazi ya mhusika wako. Usiwaulize kama wameipenda. Ndugu na marafiki watasema ndiyo. Waombe waweke alama mahali walipochoka, na mahali walipodhani wanajua atakachofanya. Wawili wakiweka alama ya kuchoka ukurasa mmoja, kosa kwa kawaida haliko kwenye ukurasa huo. Rudi nyuma kurasa tatu hadi tano, utafute pale mhusika alipokuwa na jambo la kuamua, ukamwamulia wewe.